Hatua Itakayofuata

Bilali wa steshenari amenifungulia ukurasa,
amenisogezea kigoda, amepuliza vumbi kwenye kibodi.
"Dada, umeme wa Urambo unaujua. Andika haraka."

Jina: Kalunde Sizya.
Namba ya kidato cha nne, hii hapa.
Cheti cha kuzaliwa nilikipata nina miaka ishirini na sita,
kwa hiyo kwenye karatasi mimi bado mchanga.
Stashahada: tatu nukta moja.

Naijua hesabu ya namna hiyo. Nimeiona sokoni kila msimu:
mnunuzi analiinua jani la tumbaku juani,
analinusa, analitajia daraja, anapita,
na mama anabaki amesimama kando ya robota lake
kama vile aliyepimwa ni yeye.

Kisha kisanduku cha mwisho:
"Eleza kwa nini unaomba Shahada ya Ustawi wa Jamii.
Maneno yasizidi mia mbili."

Nimeandika: Napenda kuwasaidia wasiojiweza.
Nimefuta.
Hata baba mdogo alilisema hilo, tena msibani, mbele ya watu,
wiki moja kabla ya kuezua bati letu.

Haya, niandike yaliyokuwa.
Nilikuwa na miaka tisa, vidole vimeganda utomvu,
nikifunga majani kwenye fito za bani la mtu
nilikopelekwa "kulelewa".
Mwanamke akaja na pikipiki ya serikali,
akasema Mwangaluka kwa ulimi wa mtu wa pwani,
akaletewa kiti, akakikataa, akakaa chini karibu yangu.
Akaniuliza jina. Akaniuliza tena.
Akaniuliza nalala wapi.
Nikamwonyesha.
Hakusema kitu, aliandika tu, muda mrefu,
na alipokuwa anavaa kofia ngumu akasema,
"Nitarudi Alhamisi."

Alhamisi ile nilioga.
Nilioga na iliyofuata.

Miaka kumi na tisa baadaye, nikijitolea ofisi ya kata,
nikapewa kabati nipange upya mafaili yaliyoonjwa na mchwa,
nikakuta la kwangu.
KARUNDE SIZA. Lilianza vibaya,
lakini mengine yote kweli tupu: gunia la kulalia, moshi, kikohozi,
"mtoto ana akili, anajibu kwa sauti ndogo".
Na chini kabisa, juu ya mstari uliopigwa kwa rula:
"Hatua itakayofuata:"
Nukta mbili zimekodoa macho,
mbele yake hakuna neno.

Nilitaka kumchukia, nilikuwa na haki hiyo.
Nikafungua faili la pili. La saba. La thelathini.
Mwandiko ule ule, mwezi ule ule,
Ussoke, Vumilia, Imalamakoye, Songambele,
mtu mmoja, pikipiki moja,
na nyuma ya jalada la mwisho, kwa penseli:
"Petroli hakuna tangu tarehe nne."

"Umefika wapi?" anauliza Bilali.
Nimefika mia mbili na sitini, na kisanduku kimekuwa chekundu.
Nafuta mchwa. Nafuta baba mdogo na bati lake.
Kuoga nafuta, narudisha, nafuta.
Petroli naiacha.
Kikohozi nakiacha.
Mwishoni naandika: Naomba kujifunza
kinachoandikwa baada ya nukta mbili,
na namna ya kukifanya wakati tangi ni tupu.

Bilali anasoma begani kwangu, ananyamaza, anajikuna shingo.
"Hapa 'kukifanya' au 'kuifanya'?"
"Acha hivyo hivyo."

Kiduara kinazunguka. Kinazunguka.
Huko kiendako kuna mtu atakayeliinua jani hili juani,
alinuse, alitajie daraja, apite.
Sawa. Nimeshasimama kando ya robota tangu utotoni.

"Bilali, leo siku gani?"
"Jumatano, dada.
Lipia kwanza ada ya maombi, ndipo kikubali."